Nimekuta cheti cha dawa kwenye suruali ya mume wangu. Nisubiri dalili?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mtoto wa miezi 7 anayenyonya. Mume wangu hununua alizeti Singida na Manyoni, hukaa huko wiki tatu hata nne. Amerudi Ijumaa, na Jumamosi usiku tukakutana bila kinga, kama kawaida yetu. Leo Jumatatu nikiwa nafua suruali yake nimekuta cheti cha zahanati cha Jumatano iliyopita: sindano moja na doksi za siku saba. Vidonge bado anavyo, vimebaki vinne. Nilipomuuliza amesema ni UTI tu. Mimi sina dalili yoyote. Jirani ameniambia ninunue azuma dukani, nimeze, yaishe. Shoga yangu anasema nikae hadi miezi mitatu ndipo nipime, maana sasa hivi kipimo hakitaonyesha kitu. Nifanye nini? Na mtoto aendelee kunyonya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza hili, kabla hujasoma mbele: kesho asubuhi nenda hospitali. Jumamosi usiku hadi Jumanne usiku ni saa 72, na kuna dawa moja ambayo saa hizo zikishapita hupewi tena, kwa kuwa haitakuwa na kazi. Kama hali yako inaruhusu na una mtu wa kukusindikiza, nenda hata usiku huu, maana dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale General, haifungwi. Haya mengine yote unaweza kuyasoma ukiwa kwenye foleni.

Dawa hiyo ni PEP, kinga ya VVU ya baada ya tukio. Virusi vikiingia mwilini huchukua muda kidogo kabla ya kujijenga mahali ambapo havitolewi tena, na PEP hufanya kazi yake ndani ya muda huo mfupi tu. Ndiyo maana kumeza baada ya saa 10 ni bora kuliko baada ya saa 40, na saa 40 ni bora kuliko 70. Saa 72 ni ukingo wa mwisho, kwa hiyo usizihesabu kama ruhusa ya kukaa hadi Jumanne jioni.

Umeniandikia kwamba huna dalili, na ninaona hilo limekupa ahueni. Naomba lisikutulize. Tangu Jumamosi zimepita siku mbili tu. Kisonono kwa kawaida huanza kujionyesha kati ya siku ya 2 na ya 7, klamidia kati ya wiki 1 na 3, na kidonda cha kaswende huweza kutokea siku yoyote kuanzia ya 10 hadi ya 90, mara nyingi wiki ya tatu. Hiyo ni kwa wenye kuonyesha dalili. Wanawake wengi wenye kisonono, na wengi zaidi wenye klamidia, hawaoni usaha wala hawasikii maumivu, huku ugonjwa ukipanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Wanakuja kwetu baada ya miaka, wakitafuta mtoto wa pili asiyepatikana, au wameletwa usiku na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Kidonda cha kaswende nacho hakiumi, na kwa mwanamke huweza kukaa ndani kabisa kisionekane mpaka kikapona chenyewe huku ugonjwa ukibaki kwenye damu. Kuhusu VVU, wengine hupata homa, koo kuuma na uchovu kati ya wiki ya 2 na ya 4. Hapa kwetu mtu akipata homa hiyo atapima malaria, ataambiwa hana, atapewa panadol na kurudi nyumbani. Na wakati huo dirisha la PEP lilishafungwa siku nyingi. Anayesubiri dalili anasubiri kitu kinachokuja baada ya msaada kuondoka.

Sasa cheti. Sindano moja ikifuatwa na doksi za siku saba ndiyo tiba anayopewa mwanamume aliyefika kituoni akilalamika kwamba anatokwa usaha au anasikia moto wakati wa kukojoa. Sindano, ambayo huenda ni seftriaksoni, ile inayoitwa powasefu mitaani, hulenga kisonono. Doksi hulenga klamidia. Kwa vile vipimo vya maabara havipo kila mahali, miongozo yetu humtaka mhudumu atibu yote mawili kwa pamoja kufuatana na dalili. Mimi sikumpima mumeo, siwezi kuapa kwamba alikuwa na nini. Lakini maambukizi ya njia ya mkojo kwa mwanamume kijana si jambo la kila siku, na tiba yake ya kawaida si hii. Kitabibu tunakuhesabu wewe kuwa mwenza wa mtu aliyetibiwa ugonjwa wa ngono, na mwenza hutibiwa hata kama hana dalili. Hilo halihitaji mumeo akiri kwanza.

Yamekuwepo mambo mawili ya heri. Alikwenda kutibiwa, wapo wengi wasiokwenda. Na mlipokutana Jumamosi alikuwa ameshachomwa sindano siku tatu nyuma, kwa hiyo uwezekano wa kukupa kisonono ulikuwa umepungua sana. Klamidia ndiyo bado ilikuwa katikati ya dozi. Aliyetibiwa hutakiwa kukaa siku 7 bila kukutana na mtu. Ama hakuambiwa, ama aliambiwa akanyamaza. Ila sindano ile na doksi zile haziigusi VVU hata kidogo. Mtu akipata kisonono kwa mtu fulani, njia ileile ingeweza kumpitishia na VVU. Hapo ndipo wasiwasi wangu wote ulipo.

Nikupe ukubwa wa hatari kwa namba, maana hofu isiyo na kipimo humfanya mtu ashindwe hata kuvaa viatu atoke. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023, watu wazima wenye VVU nchini walikuwa 4.4 kwa kila 100. Na mwanamke akikutana kwa njia ya kawaida na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, makadirio yanayotumika ni maambukizi 8 hivi katika kila mara 10,000. Kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba hujaambukizwa. Lakini wastani huo hupanda mmoja wenu akiwa na ugonjwa mwingine wa ngono, kwa kuwa utando unakuwa umevimba na kuchubuka, na hupanda zaidi mwanamume akiwa ameambukizwa wiki chache zilizopita, wakati virusi vimejaa kwenye damu na shahawa. Mumeo anaweza kuwa na hali zote mbili. Ndiyo maana sikuachi nyumbani na namba ndogo.

Jirani yako amekutakia mema, lakini azuma haiui VVU, na siku hizi haiaminiki tena ikitumiwa peke yake kwa kisonono. Vimelea vya kisonono vimezoea dawa nyingi tulizokuwa tunazitegemea. Sipro ilikuwa mfalme zamani, leo imeshindwa karibu kila mahali. Dozi ya kukisia kutoka duka la dawa huweza pia kuichapa kaswende kidogo bila kuimaliza, ikajificha. Na vile vinne vilivyobaki kwa mumeo si vyako. Avimalize yeye. Nimeona nyumba nyingi mke na mume wakigawana dozi moja kwa upendo kabisa, na wote wawili wasipone.

Shoga yako amesema kweli, lakini nusu. Kipimo cha kesho hakiwezi kusoma kilichotokea Jumamosi. Kazi yake ni kusoma ulikokuwa kabla ya Jumamosi, na jibu hilo linahitajika kesho hiyohiyo, kwa sababu PEP hupewa asiye na VVU. Ukikaa miezi mitatu kama alivyokushauri, utapata jibu la uhakika kabisa kuhusu jambo ambalo ungeweza kulizuia.

Mahali pa kwenda: General, Kituo cha Afya Makole, Benjamin Mkapa, au Mtakatifu Gemma kule Miyuji. Zahanati ya mtaani inaweza isiwe na PEP, nawe huna siku ya kuzungushwa, kwa hiyo anzia penye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Pale dirishani, watu wakiwa wamejaa nyuma yako, huna haja ya kueleza habari za suruali. Sema unahitaji huduma ya PEP, muda wako unaisha leo, na unaomba kuonana na mhudumu faragha. Wakikuambia urudi kesho, usikubali; omba kumwona mganga wa zamu au mkuu wa kliniki. Ukikwama kabisa, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Nenda na mtoto, nenda na kadi yako ya kliniki ya ujauzito, maana humo yameandikwa majibu yako ya VVU na kaswende ya wakati wa mimba, na kipige picha kile cheti cha mumeo.

Watakupima VVU, jibu hutoka ndani ya nusu saa hivi. Omba pia kipimo cha kaswende, cha homa ya ini B na cha mimba. Hiki cha homa ya ini B wengi hukiona cha ziada, lakini kina sababu: mbili kati ya dawa zilizomo kwenye kidonge cha PEP hupigana pia na kirusi cha homa ya ini, na mwenye kirusi hicho akiacha ghafla baada ya siku 28, ini linaweza kuchafuka. Akijulikana mapema, hufuatiliwa. Ukikutwa huna, na hujawahi kuchanjwa, uliza kuhusu chanjo. Majibu ya vipimo hivi vingine yakichelewa, kidonge cha kwanza kisichelewe.

PEP yenyewe ni kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 28, kikiwa na dawa tatu ndani: tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Hutolewa bure. Wahudumu wa afya waliochomwa na sindano zenye damu ya wagonjwa walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, na dawa moja tu ya zamani, zidovudini, ilionekana kupunguza maambukizi kwa asilimia 81 hivi. Wewe unapewa tatu, zilizo nzuri zaidi. Siku za mwanzo unaweza kusikia kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi kukatika. Kwa wengi hupungua baada ya siku chache. Wanaoanza ni wengi kuliko wanaomaliza. Wiki ya pili hofu imeshuka, mtu anajiona mzima, kopo linasahaulika juu ya kabati. Chagua saa moja unayoiweza kila siku, mathalani ukishamlaza mtoto, na uweke alamu kwenye simu.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika kuambiwa akina mama: kama bado unameza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki, au vya kalsiamu, usivimeze tumbo tupu pamoja na kidonge cha PEP. Madini ya chuma huishika dolutegravia tumboni, ikashindwa kuingia kwenye damu. Meza PEP saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Sindano au vijiti vya uzazi wa mpango havina ugomvi nayo. Na kama hutumii njia yoyote ya uzazi wa mpango, hili nalo liseme kesho: vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72, na kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa hadi siku ya 5.

Mtoto aendelee kunyonya. Kunyonyesha hakuzuii PEP, na dawa hizo hutumiwa na maelfu ya akina mama wanaonyonyesha. Tena mtoto ndiye sababu kubwa ya wewe kumeza hadi siku ya 28. Mama akipata VVU akiwa ananyonyesha, virusi huwa vingi mno wiki za mwanzo, kabla hata hajajua, na maziwa huwa njia rahisi ya kumfikia mtoto. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba unanyonyesha, akushauri kadiri vipimo vyako na vya mumeo vitakavyoonyesha, na usimkatishe mtoto ziwa kwa uamuzi wa usiku mmoja. Kipimo chako cha kesho kikisoma una VVU, maambukizi hayo si ya Jumamosi. Utaanzishiwa dawa za kudumu siku hiyohiyo, na mtoto atachukuliwa damu kwa kipimo chake na kupewa kinga. Watoto wa namna hiyo tunao wengi, wazima, wanakwenda shule.

Kuhusu kisonono na klamidia utatibiwa kama mwenza. Kwa anayenyonyesha mhudumu mara nyingi huchagua azithromaisini ya mara moja badala ya doksi ya wiki nzima, pamoja na sindano. Ndiyo, hiyohiyo azuma ya jirani, lakini kwa kipimo chake na ikiwa na mwenzake. Usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, shabu wala Deto. Hakuna kimelea kinachotoka kwa njia hiyo, utajichubua tu na kufungua mlango zaidi.

Sasa mumeo. Hili ndilo gumu, na hukuliuliza, lakini nimelisikia katikati ya mistari yako. Kesho huhitaji kesi, unahitaji apime. Ukianza na suruali na cheti, usiku utaisha kwa kelele na saa zitapita. Jaribu kusema hivi: "Nimekwenda hospitali, wamenipa dawa kwa sababu yako na yangu, wanataka na wewe upime kwa ajili ya mtoto." Wanaume wengi ambao wangegoma kwa ajili ya mke huenda kwa ajili ya mtoto. Kumlazimisha hakuwezekani, kupima ni hiari. Akiona aibu ya kliniki, vipo vipimo vya kujipima mwenyewe kwa majimaji ya mdomoni, vilivyoruhusiwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019. Kikisoma anavyo virusi, lazima akathibitishe kituoni.

Akipima na kuonekana hana, usiache PEP kwa furaha hiyo. Huko alikokuwa ni wiki chache tu zilizopita, na kipimo cha haraka kinaweza kuwa bado hakijaona. Mwachie mhudumu aamue. Akiwa navyo na hakujua, ataanza dawa, nawe utamaliza zako. Na akiwa navyo kitambo, anameza vizuri, na wingi wa virusi kwenye damu umeshuka hadi havionekani, basi hakukuambukiza kwa ngono. Hilo sasa halina ubishi kitabibu. Litabaki suala la kwa nini hakukuambia, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 humtaka anayejijua amwarifu mwenza wake. Sheria hiyohiyo inalinda siri ya majibu yako, hakuna mhudumu anayeruhusiwa kuyapeleka mtaani.

Kama unahofia atakupiga, usimwambie chochote usiku huu. Nenda kimya, umweleze muuguzi hofu hiyo, atajua namna ya kukuunganisha na ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi. Matibabu yako hayasubiri ridhaa yake.

Kwa siku 7 baada ya ninyi wawili kutibiwa, msikutane kabisa. Ukiona ni vigumu kukataa kwa jina lako, kataa kwa jina langu: "Nimechomwa sindano, dokta amekataza wiki nzima." Baada ya hapo kondomu hadi majibu ya mwisho ya wote wawili, na kondomu hutolewa bure vituo vya serikali.

Utarudi kupima VVU wiki ya 6 na mwezi wa 3 kuanzia Jumamosi ile, na kaswende irudiwe mwezi wa 3. Ziandike tarehe hizo nyuma ya kadi ya mtoto, ambayo najua hutaipoteza. Katikati ya hapo usisubiri tarehe ukipata maumivu ya chini ya kitovu yenye homa, uchafu wenye harufu au rangi usiyoizoea, kidonda hata kisichouma, vipele mwilini au macho kuwa ya njano. Nenda siku hiyohiyo na kopo lako la dawa mkononi, ili atakayekuona ajue unameza nini.